Sifa za Barabara Inayokunjwa

Mashine ya kukimbilia ya kukunja ni kipande cha barabara, urefu wake kama mita moja na robo, kinachouzwa pamoja na mota ya kukisogeza. Mtu hupanda juu ya mkanda wa mpira, mkanda hurudi nyuma, miguu hulazimika kwenda mbele, na mwili hubaki pale pale ulipokuwa. Kazi ikiisha, ubao huinuliwa, komeo hujifunga, na barabara nzima husimamishwa ukutani. Wenye maneno wamezoea kuidharau, wakisema ni njia ghali ya kutokwenda popote. Dharau hiyo si ya haki. Kifaa hiki kina sifa nyingi, na mahali pazuri pa kuzipima ni Yaeda Chini, katika bonde lililoko chini ya nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, ambako watu hutembea kutwa na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba anahitaji kukinunua.

Kwanza nasaba yake. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vipandio ili wafungwa wasikae bure. Wafungwa walipanda ngazi isiyokwisha kwa saa nyingi. Penye bahati, gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji; penginepo halikuunganishwa na kitu chochote, nao walisaga upepo. Uingereza ilianza kuachana na adhabu hiyo kisheria mwaka 1898. Miongo kadhaa baadaye mashine ilirudi ikiwa imesafishwa jina: mwaka 1963 daktari Robert Bruce wa Seattle alieleza kipimo cha moyo ambacho mgonjwa hutembea juu ya mkanda ulioinuliwa, na kila baada ya dakika tatu mwinuko na mwendo huongezwa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 William Staub, mhandisi wa Marekani, aliitengeneza ya kutumiwa nyumbani. Hivyo ndani ya miaka 150 kifaa kimoja kilikuwa adhabu, kikawa kipimo, kikaishia kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Si vyombo vingi vya nyumbani vilivyopanda cheo namna hiyo. Mwiko ni mwiko tu tangu zamani.

Sifa yake kubwa ni kwamba imeikomboa hatua ya mguu. Yaeda Chini hatua bado ni mtumwa. Wahadzabe wa bonde hilo na wa kandokando ya Ziwa Eyasi huishi, wale ambao bado wanategemea pori, kwa mizizi, matunda, ubuyu, asali na nyama. Mwanamke hutoka kambini na wenzake, fimbo ya kuchimbia mkononi, akaenda mahali penye mizizi, akachimba, akabeba, akarudi. Mwanamume hutoka na upinde. Akisikia kiongozi-asali analia juu ya mti humfuata ndege huyo hadi kwenye mzinga, na ndege akajichagulia mahali pa kupita bila kuuliza kama pana miiba. Majirani zao Wadatoga hutembea nyuma ya ng'ombe, na Wairaqw huteremka na kupanda bonde kwa ajili ya mashamba na minada. Katika maisha yote hayo hakuna hatua inayopigwa kwa ajili yake yenyewe. Kila moja ina deni la chakula, maji au malisho nyuma yake.

Mashine imelifuta deni hilo. Mtu hutembea kilomita tatu na mwisho wake hapati mzizi wala asali, na hakuna anayemlaumu. Kioo kidogo mbele yake humwonyesha umbali ambao hakuusafiri, kwa usahihi wa nafasi mbili za desimali. Hata umbo la safari limerahisishwa. Watafiti waliowapa Wahadzabe vifaa vya kufuatilia mahali walipo walichapisha mwaka 2014 kwamba mizunguko yao porini mara nyingi ina mchanganyiko wa vipande vingi vifupi na vichache virefu sana, mtindo unaoonekana pia kwa wanyama wengi wanaotafuta chakula. Mashine haina haja ya hekima hiyo. Ina kipande kimoja, kimenyooka, na kinarudi chenyewe.

Sasa bei, maana sifa bila bei ni ngonjera. Ichukuliwe mashine ya kawaida ya shilingi 1,500,000, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa imo humo. Mnunuzi mwaminifu, anayepanda mara nne kwa wiki na kutembea kilomita tatu kila mara, hutimiza kilomita 624 kwa mwaka. Mashine ikimvumilia miaka mitatu, atakuwa ametembea kilomita 1,872, na kila kilomita itakuwa imemgharimu kama shilingi 800. Mnunuzi wa aina ya pili, ambaye ndiye hasa hushangiliwa dukani, huanza kwa ari ileile na kuishiwa nayo baada ya wiki sita. Huyo ana kilomita 72, na kila moja imemgharimu zaidi ya shilingi 20,000. Kwa fedha hizo bodaboda angempeleka mbali, akamsubiri, na kumrudisha. Lakini bodaboda ana kasoro ya kumfikisha mtu mahali.

Hesabu hiyo ikipelekwa Yaeda Chini hutoa jibu la kustaajabisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Herman Pontzer na wenzake, uliofanywa katika kambi za Wahadzabe, ulikuta wanaume hutembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake kilomita 5.8. Kwa mwaka mwanamume huyo hupita kilomita 4,000 na ushei. Kwa bei ya mnunuzi mwaminifu wa mashine, miguu yake inatumia huduma ya zaidi ya shilingi milioni tatu kila mwaka, na hajawahi kuombwa risiti.

Utafiti huohuo ndio unaoipa mashine heshima ambayo wauzaji wake hawaitangazi. Watafiti waliwapa Wahadzabe 30 maji yenye atomi zinazoweza kufuatiliwa, wakapima mkojo wao kwa siku kadhaa, wakakokotoa nishati yote ambayo mwili hutumia kutwa. Walitegemea watu wanaotembea kiasi kile wawe wanaunguza nishati nyingi kuliko wakazi wa Marekani na Ulaya wanaokaa kwenye viti. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa mwili ukishazingatiwa, matumizi ya kutwa yalikuwa karibu sawa. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti, na ukitumia zaidi kwenye mwendo hubana matumizi kwingine. Kwa maneno mengine, mtu anayenunua mashine ili tumbo lipungue ananunua kitu ambacho hata porini Yaeda hakipatikani kwa miguu peke yake. Namba ya kalori inayowaka kwenye kioo cha mashine isomwe kama utabiri wa hali ya hewa wa mkoa mwingine. Tumbo huamuliwa zaidi mezani, na meza haikunjwi.

Faida halisi iko kwenye moyo na mishipa, na hapa kejeli inabidi ikae kando kidogo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwaka 2017 David Raichlen na wenzake, kwa vipima mapigo ya moyo, walikuta Wahadzabe wanapata takriban dakika 135 kwa siku, na dalili za ugonjwa wa moyo miongoni mwao ni chache. Yaani kinachotakiwa kwa wiki nzima mjini, Yaeda hukaribia kuisha kabla jua halijazama Jumatatu. Kwa mtu wa mjini anayeishi ghorofani, anayetoka kazini usiku na mtaa wake hauna njia ya waendao kwa miguu, mashine inaweza kweli kujaza pengo hilo. Kwa mgonjwa anayefundishwa kutembea upya inaweza kuwa na thamani kuliko bei yake. Wasifiaji wa kweli wa mashine ni watu hao wawili, na kwa kawaida hawana muda wa kuisifu.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa bonde hawapumziki. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2020, ulionyesha Wahadzabe hupumzika karibu saa kumi kwa siku wakiwa macho, sawa na watu wa nchi zenye viti vingi. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo ni kuchuchumaa na kupiga magoti, mikao inayofanya misuli ya miguu ibaki na kazi kidogo. Mashine iliyofunuliwa sebuleni husaidia hapa pia: ubao wake uko chini mno kuwa kiti, na anayeketi juu yake kufunga kamba za viatu hulazimika kuchuchumaa.

Sifa nyingine ni staha. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alianguka njiani, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, giza limeshaanza, akawa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wengine 18 waliacha. Habari hiyo ingali inasimuliwa zaidi ya nusu karne baadaye, na ndiyo hatari ya barabara ya nje: ina mwisho unaojulikana, watazamaji, na mtu akifika wa mwisho hukumbukwa. Mashine imemwondolea binadamu mzigo huo. Ina ufunguo mwekundu wa usalama uliofungwa kwa kamba. Ukichomoka, mkanda husimama, na hakuna atakayejua kama ilikuwa kilomita ya kumi au dakika ya nne. Mkoa huohuo wa Manyara umemtoa pia Gidamis Shahanga wa Hanang, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Wote wawili walijifunza kukimbia kwenye ardhi isiyokuwa na kitufe cha kusimamisha, na pengine ndiyo sababu hawakuzoea kusimama.

Upande wa umiliki, mashine ni rahisi kupita kiasi. Kuipata kunahitaji fedha, risiti na watu wawili wa kubeba. Wahadzabe wa Yaeda walipotaka kuhakikisha kwamba njia zao hazigeuzwi shamba la mtu, walihitaji miaka ya mikutano na mipango ya matumizi ya ardhi, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, hadi mwaka 2011 walipopewa hati ya haki miliki ya kimila ya eneo la hekta karibu 20,000. Baadaye msitu wa eneo hilo ukaingizwa kwenye mradi wa Carbon Tanzania, ambapo vijiji hulipwa kwa kuuacha usifyekwe. Msitu unalipa kwa kusimama bila kuguswa. Mashine nayo husimama bila kuguswa, kwa ustadi uleule, ila yenyewe humlipisha mwenyewe.

Umeme haustahili maneno mengi, ila mnunuzi ajue kusoma lebo. Nguvu inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya kilele, ile ambayo mota huifikia kwa muda mfupi. Iliyo muhimu ni nguvu ya kuendelea. Mtu mzito anahitaji mota yenye nguvu ya kuendelea kubwa zaidi, la sivyo itapata joto na kunuka. Mashine inayovuta wati 500 kwa mwendo wa kutembea hutumia robo ya uniti ya LUKU kwa nusu saa, gharama ndogo tu. Kwenye boma lenye paneli moja ya sola ya wati 50, hata hivyo, nusu saa hiyo ingemeza mavuno ya jua la kutwa, na simu zote zingelala njaa ili mtu mmoja atembee pale pale, kilomita chache kutoka mahali ambapo jua hilohilo linawaka juu ya njia.

Zimebaki sifa za mashine isiyotumiwa, ambazo ni nyingi kuliko za inayotumiwa. Mikono yake ina urefu unaofaa suruali, na upana wake unatosha taulo mbili. Ikikunjwa hubeba vizuri mkoba wa shule na mwavuli. Vumbi huonekana juu ya ubao mweusi mapema kuliko kwenye fanicha nyingine, jambo linalosaidia usafi wa nyumba. Mgeni akiiona huamini kwamba mwenyeji anajitunza, na mwenyeji huamini pamoja naye.

Mwisho wake ni soko la mitumba. Tangazo husema imetumika kidogo, na hii ni miongoni mwa bidhaa chache ambazo maneno hayo huwa kweli. Mnunuzi akague mkanda kwa kuuinua pembeni na kupapasa chini yake: ukiwa mkavu, ubao haujapakwa mafuta ya silikoni na mota imekuwa ikivuta kwa shida. Aitembeze dakika kumi akiwa juu yake, si mkanda mtupu, aone kama unahamia upande mmoja. Aikunje na kuifunua mara mbili kuhakikisha komeo linashika, na adai ufunguo mwekundu, kwa kuwa bila huo nyingi haziwaki. Akiipata kwa nusu ya bei ya dukani, gharama ya kilomita hushuka hadi shilingi 400, iwapo atatembea zile kilomita 1,872 zote. Akifuata nyayo za muuzaji, aihifadhi ile picha ya tangazo. Ataihitaji baada ya wiki sita.