Anatafuta Kimya Chenye Kelele

Nyie, sogeeni kidogo mwenye dele apite, kisha mnisikilize, maana safari hii nimechoka hata kusonya. Mpwa wangu amekuja Idi. Siku nne kamili kakaa hapa Tongoni, na siku zote nne swali ni lile lile: "Anko, nihamie Tanga au nibaki Dar?" Anko! Dar haili nauli tu. Inamchukua mjomba wa mtu mzima mzima, inakurudishia anko.

Ofisini kwao wamemwambia kuna nafasi Tanga mjini, akitaka uhamisho aandike barua. Mtu mwingine angeiandika amesimama. Huyu wetu anaizungusha tu, kama kete iliyokosa shimo la kulala. Dar, anasema, kelele zimemmaliza: honi, baa ya jirani, gari la matangazo, spika ya mahubiri mpaka usiku wa manane. Anataka mji mtulivu, watu wapande baiskeli, wasalimiane njiani. Haya, tukasema, mtoto kaongoka.

Usiku wa kwanza nikampa chumba cha upande wa baharini, upepo unaingia wenyewe bila kubisha hodi. Saa nane nasikia mlango: ngo, ngo, ngo. "Anko, mbona kimya hivi? Kuna msiba?" Mwee! Nikamwambia msiba una kelele, mwanangu, rudi ukalale. Akarudi, akawasha feni. Nimechungulia kwa macho yangu: kajifunika blanketi mpaka puani, meno yanagongana, feni inakwenda namba tatu. Si joto lililomwashisha, ni ule mvumo tu! Kulipopambazuka analalamikia jogoo.

Msicheke, huyu hayuko peke yake. Pale Raskazone hamuwaoni wastaafu? Mtu kakaa Dar miaka 30, anakuja na kiinua mgongo chake, anajenga chini ya miti, bahari ile pale, ndege wanalia. Anamwambia kila mtu, "Hapa ndipo nitakapopumzikia." Mwezi wa kwanza anapumzika. Mwezi wa pili anaanza kugombana na mtunza bustani. Mwezi wa tatu umkute Ngamiani, zile barabara za namba, kakaa kibarazani na watu asiowajua, anaagiza kahawa ya tano, anamuuliza muuza machungwa habari za siasa. Jioni inaingia, kurudi kwenye utulivu wake hataki. Kanunua kimya kwa mamilioni, halafu kila siku anapanda daladala kukikimbia. Loo!

Lakini tumrudie mpwa. Juzi hapa hapa kijiweni katutambia kwamba yeye bwana ni mtu wa mjini, huku mkoani atapotea. Mzee mmoja, yule asiyeinua macho kwenye bao, akamuuliza taratibu, "Mgosi, huko mjini unakaa wapi?"

"Chanika."

Kijiwe kikanyamaza. Maana mimi Chanika nimelala. Usiku wanalia chenene, kuna mikorosho nyuma ya choo, na kuku wa jirani anataga chini ya kitanda chako. Kijana huyu anaamka saa kumi alfajiri, anapigania mlango wa daladala, mguu mmoja ndani na mwingine bado unajitafutia, saa mbili na ushee ndipo afike Kariakoo. Usiku anarudi hivyo hivyo. Nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mkopo, rangi ya ukuta anaijua kwa mwanga wa taa. Mimi wa porini, mimi wa mahameni, natoka hapa kilomita zisizofika 20, naingia Tanga mjini kanzu yangu bado ina mikunjo ya pasi. Sasa nani yuko mjini hapo? Niambieni.

Mkewe ndiye kabisa. Kapiga simu, mume kafungua spika, kijiwe kizima kikasikia. "Shikamoo mjomba. Mimi nakuheshimu, lakini siwezi kutoka mji mkuu nikahamie mkoani."

"Marahaba mwanangu. Mji mkuu upi?"

"Si Dar?"

Astaghfirullah! Hapo yule mzee wa bao akaweka kete chini, jambo ambalo sijaliona tangu mvua za mwaka juzi. Akaanza kumhesabia kwa vidole kwenye simu, utadhani bibie anaviona. Bagamoyo ndiyo iliyokuwa na makao ya Mjerumani. Bandari yake maji mafupi, 1891 wakafungasha wakaenda Dar. Dar yenyewe Seyyid Majid alianza kuijenga miaka ya 1860, akafa 1870 kazi hajaimaliza, mji ukadorora mpaka hao Wajerumani walipokuja kuufufua. Halafu 1973 TANU ikaamua makao makuu yaende Dodoma. Ikaamuliwa, makofi yakapigwa, na waliopiga makofi wakarudi Dar kuulizia viwanja. Wagogo wanasimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na tembo aliyezama kwenye tope. Basi na uamuzi nao ukazama vivyo hivyo, miaka 43, mpaka 2016 Rais Magufuli aliposema sasa tunahama kweli. 2018 ikatungwa na sheria, kuufunga mlango kwa nyuma asirudi mtu.

"Kwa hiyo, mwanangu," mzee akamaliza, "mji mkuu wenyewe ni mpangaji. Umehama mara mbili na vyombo vyake. Wewe unaung'ang'ania ule uliokwishahama?"

Kimya kwenye simu. Kisha, "Basi mji mkuu wa biashara, mzee wangu." Hamkosi jibu, wanawake wa Dar!

Tena nilikuwa na la kuongezea, mpwa akaiwahi simu kuizima. Hata hilo jiji lao, 2021 si walilivunja halmashauri yake, Ilala ikapandishwa ndiyo ikawa jiji? Na Chanika iko Ilala. Maana yake mikorosho ya mpwa wangu siku hizi ni mikorosho ya jiji, na yule kuku anataga mayai ya jiji. Tanga nayo ni jiji tangu 2005, tofauti ni kwamba ukianguka na baiskeli Ngamiani watakuinua kwa jina la babu yako, kisha habari ifike nyumbani kabla yako. Ndiyo maana vijana hawautaki utulivu huu. Kimya cha mji mdogo kina masikio, jamani. Dar unaweza kudaiwa mtaa wa pili ukala biriani mtaa wa tatu.

Mchana wa mwisho nikamchukua kumtembeza magofuni, apunge upepo, labda akili itatulia. Mnayajua wenyewe: msikiti ule uliobaki kuta, makaburi kama 40, nguzo zake nyingi zimelala chini, nyingine bado zina vishimo walivyopachika mabakuli ya Kichina. Nikamweleza kwamba hapa ndipo Mtangata ilipokuwa, mji wa watu wa jahazi, wenye mabakuli ya ng'ambo makaburini wakati Dar haijaota hata jina. Vasco da Gama kapita 1498, meli yake moja ikakwama fungu la mbele huku. Akarudi Januari 1499, mabaharia wamekufa kwa maradhi, waliobaki hawatoshi meli tatu, akaichoma ile ile iliyokwama. Tanga tunatambiwa ni ya waja leo waondoka leo. Yule Mreno aliondoka na hasara ya meli. Na hao waliolala pale, nikamwambia, nao bila shaka walikuwa na wapwa waliowasumbua: nihamie Kilwa au nibaki Mtangata? Leo panaitwa Tongoni. Tongo ni mahame, mwanangu.

Hanisikilizi. Anapiga picha mikoko.

Basi akaondoka, na nazi kumi, ng'onda wa kutosha kunukisha basi zima mpaka Mbezi, na barua hajaandika. Usiku, saa tatu, simu inalia. Nyuma yake ni honi tupu na kondakta anayegombana na mtu. "Anko, tumeganda hapa, hakuna kinachosogea. Nimefikiria. Tanga mjini hapana, nako patajaa. Lakini kile kiwanja cha kule tulikotembea, kinachotazama bahari, chenye kimya kile... mwenyewe ni nani? Anauza?"

Nikamwambia wenyewe wapo, tena wako kama 40, wote wamelala. Aje awaamshe wamsainie.