Asilimia 69

Mtihani wa leseni ya udalali wa nyumba California: maswali 150, kufaulu asilimia 70, mimi nimepata 69. Karatasi ya matokeo ingali mkobani, nimeikunja mara nne kama risiti ambayo mume hatakiwi kuiona. Mlinzi wa mlangoni pale Oakland aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuhani, kwamba wengi hurudia.

Kilichonimaliza nakijua. Mashamba.

Sehemu kubwa ya ardhi ya California kaskazini hupimwa kuanzia kilele cha Mlima Diablo, na Diablo kwa Kihispania ni huyo huyo unayemfikiria. Wapimaji walianza kwa Shetani mwaka 1851, wakakata nchi miraba ya maili 6 kwa 6. Kila mraba una vipande 36, kila kipande ekari 640. Sasa sikia utamu wake. Kipande cha 1 kiko pembeni juu, kulia. Unahesabu kwenda kushoto hadi 6, unashuka, 7 iko chini ya 6, unarudi kulia hadi 12, unashuka tena, kama ng'ombe wa plau anayegeuka mwisho wa shamba, mpaka 36. Nikapagawa. Nilichora vile vipande kwenye ukungu wa kioo cha bafu. Nilivichora kwenye unga wa chapati, watoto wanasubiri kula. Halafu maelezo ya kiwanja unayasoma kinyumenyume: nusu ya kaskazini ya robo ya kusini-mashariki ya kipande cha 16? Shika 640, gawa kwa 4, gawa kwa 2, ekari 80. Lakini ikichomekwa "na" katikati, unaacha kugawa, unajumlisha! Hiyo "na" niliipita kama mtu anavyompita mdai wake sokoni.

Mara ya kwanza kabisa hata sikuingia; nilisahau kitambulisho.

Mjomba wangu ni dalali Manzese, Dar es Salaam. Ofisi yake benchi chini ya mwembe, malipo yake kodi ya mwezi mmoja. Baada ya shikamoo nikamweleza.

"Saa 135 darasani?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kusomea udalali?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na umefeli."

Kuna somo moja sikulikariri. Sheria ya Marekani ya makazi ya 1968 inamkataza wakala kumsukumia mteja mtaa fulani kwa sababu ya rangi au asili yake. Tulipohamia huku, wakala mmoja alituzungusha jioni nzima, kila tukitaja mtaa wenye shule nzuri, anatabasamu: "Huko hamtapazoea. Ngoja niwapeleke waliko wenzenu." Tulimshukuru. Nilimpelekea sambusa! Miaka yote nimemhesabia wema, mpaka kitabu cha mtihani kiliponipa jina la alichotufanyia.

Swali la somo hilo lilikuja. Nililijibu kabla sijamaliza kulisoma. Wakala yule naye bila shaka aliwahi kulijibu: leseni yake ilikuwa ukutani, ndani ya fremu.