Gamba la Rangi ya Sukari Nguru

Kidonda cha kwanza kilitokea chini ya pua ya kitindamimba wetu, wiki ambayo mvua ya alasiri haikukosa Kakamega hata siku moja. Nikasema ni choa. Nikampaka krimu ya choa iliyobaki kabatini. Siku ya 3 vidonda vilikuwa 5. Siku ya 6 dada yake naye alikuwa nacho kidevuni. Walikuwa wakijifutia taulo moja, na mimi ndiye niliyeitundika pale msumarini.

Kukhu, mama mkwe wangu kutoka Khayega, alimvuta mtoto mlangoni penye mwanga. Akalitazama gamba lile la manjano linalong'aa. "Mwanangu, hii si choa. Hii ina rangi ya sukari nguru."

Kwenye zahanati, afisa wa kliniki alikubaliana naye papo hapo. Choa hutanuka duara, ukingo umeinuka na kukauka, katikati pameanza kupona. Hiki kilianza kwa vilengelenge, vikapasuka, vikatoa maji, maji yakaganda. Ni bakteria, stafilokoka au streptokoka, na dawa ya fangasi haiwagusi. Alinionya pia kuhusu mkojo: ukigeuka rangi ya chai ya rangi wiki chache baadaye, au uso ukivimba, figo zimeguswa. Sikulala vizuri mwezi mzima kwa neno hilo.

Tulikuwa tungali tunachemsha mataulo baba watoto aliporudi kutoka shambani akichechemea. Jani la muwa lilikuwa limemkwaruza muundi siku 2 kabla, naye akanyamaza, kama kawaida ya wanaume. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hujificha, kwa hiyo nikaweka mgongo wa mkono wangu mguu huu, kisha ule. Mmoja ulikuwa moto, umevimba, umekaza.

Afisa yuleyule alimpa antibiotiki, akachukua kalamu ya bluu na kuchora mpaka kuuzunguka uvimbe. "Ukivuka mstari huu, au homa ikipanda, msingoje kuche."

Kukhu alikataa kwenda kulala. Saa tano, saa nane, saa kumi alfajiri, tuliinama wawili juu ya mguu ule na tochi ya simu, tukimulika mstari wa bluu. Uvimbe ulikuwa bado ndani yake.