Mhandisi wa Mafuta Asiyeyaona Mafuta

Jamaa zangu wa Mombasa, Mwenyezi Mungu awazidishie umri, wameshikilia itikadi moja isiyong'oleka kwa hoja wala kwa kiapo, nayo ni kwamba mtu aliyekwenda Ulaya kwa kazi ya mafuta huyachota kwa kata, na jioni huamua kwa hiari yake bei yatakayouzwa ulimwenguni. Siwalaumu, maana wengi wao wamekulia wakiyatazama matangi ya kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kusafisha mafuta mwaka 1963, na meli zikiteremsha shehena Kipevu. Shangazi yangu, nilipomweleza kwamba pipa moja la mafuta ghafi ni takriban lita 159, na kwamba pipa lenyewe ni la hesabu tu, halina mahali pa kulitia mkono, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa upole: “Sasa mwanangu, katika lita zote hizo, debe moja la shangazi yako atalihisi nani?”

Laiti angalijua! Katika Bahari ya Kaskazini, mashariki ya mji wa Aberdeen huko Uskoti, mafuta hutoka chini ya sakafu ya bahari yakapanda kwa mabomba ya chuma, yakapita katika vali na matangi ya kuyatenga na gesi na maji, kisha yakasukumwa tena chini ya bahari hadi bara, na katika safari yote hiyo hayaoni jua. Mhandisi huona mishale ya vipimo, tarakimu, na mvua. Likidondoka tone moja kwenye sitaha ya mtambo huko baharini, king'ora hulia, taarifa huandikwa, na bwana mkubwa hupanda ndege kuja kulitazama. Alhasili, mimi nalipwa na kusifiwa kwa kitu nisichokiona, na siku nitakayokiona ndiyo siku nitakayofukuzwa.

Tena huko hakufikiki kwa jahazi. Huendwa kwa helikopta, na kabla ya kuruhusiwa kuipanda, sharti mtu afungwe mkanda ndani ya mfano wake, ateremshwe katika birika kubwa la maji, apinduliwe kichwa chini, angoje mzunguko utulie, asukume dirisha, afungue mkanda, ndipo atoke. Mwalimu aliponiuliza kama najua kuogelea, nilimjibu kwa fahari ya mtu aliyezaliwa kisiwani. Naye, kwa adabu kamili, akaniandika miongoni mwa wale wanaojiamini kupita kiasi. Sisi pwani tulifunzwa kuogelea uso ukitazama mbinguni, ilhali huko iliyotazama mbinguni ilikuwa miguu. Nilisoma dua zote nilizohifadhi chuoni, pamoja na moja ambayo baadaye nilikumbuka kuwa ni ya kuingilia chooni, nikaibuka puani nimejaa maji, nimefaulu. Fauka ya hayo, vazi la kujiokolea hubana shingo na halisamehe tumbo. Aliyezoea kanzu ataliona kuwa hukumu ya biriani zote alizokula.

Ama ngazi, hizo ni dini ya peke yake. Hata ofisini bara, ambako chombo cha hatari kuliko vyote ni birika la chai, anayeshuka bila kushika reli husimamishwa na kunasihiwa, na kikombe chake sharti kiwe na kifuniko. Ningecheka, lakini pana jambo linalonizuia: mwezi wa Julai 1988 mtambo wa Piper Alpha uliwaka moto katika bahari hiyo hiyo, wakafa watu 167, na aliyesoma habari zile hushika reli bila ya kuulizwa.

Balaa ni kwamba mkono hauna likizo. Niliporudi kumzuru ami yangu Mji wa Kale, nilisimama juu ya ngazi yake ya mawe, iliyojengwa na mafundi ambao reli hawakuijua, nikawa napapasa ukuta huku kikombe cha kahawa nimekifunika kwa kisahani. Wajukuu walikusanyika. Mmoja akatumwa kunishika mkono, kwa kudhaniwa kuwa macho yangu yamepata maradhi ya ughaibuni. Ami alingoja nifike chini salama, akanitazama kwa huruma, akasema: “Wenzio huenda Ulaya wakarudi wamesahau Kiswahili. Wewe, mwanangu, umesahau kushuka ngazi.”