Hema Moja Tu

Mwulize shabiki wa They Are Billions gemu lenyewe likoje, naye hatakwambia alivyoshinda. Atakusimulia alivyofilisika. Ataanza na kuta za mawe alizozijenga safu mbili upande wa kaskazini, atapita kwenye minara na wadunguaji wake, kisha sauti itamshuka akifika kusini, kwenye kichochoro kati ya msitu na mwamba ambacho alikusudia kukiziba akishapata mbao.

Hapo ndipo alipopita zombi. Si kundi. Mmoja, tena wa wale wanaojikokota.

Gemu hili ni kazi ya Numantian Games, kampuni ndogo ya Hispania iliyokuwa imetoa Lords of Xulima mwaka 2014. Lilianza kuuzwa Desemba 2017 likiwa bado halijakamilika, na kwa mwaka mmoja na nusu wachezaji waliishi na hali ya kunusurika peke yake: unapewa kituo kikuu, askari wa kuhesabika na ramani iliyojaa zombi. Unasimika minara ya Tesla ili umeme ufike mbali, unajenga mahema, unahangaikia chakula, mbao, mawe, chuma na mafuta. Kila baada ya siku kadhaa kundi linashuka, na tangazo linakutajia upande linakotokea. Kundi la mwisho hutokea pande zote.

Yote hayo yangevumilika, kama si ile kanuni ya hema. Zombi akiivamia nyumba, waliomo wanaambukizwa na kutoka nje wakiwa zombi, nao wanakwenda kwa jirani. Ugonjwa unasambaa kwa mwendo wa umbea wa mtaani, na askari wote wako kaskazini wakilinda ukuta ambao hakuna anayeugusa. Kituo kikuu kikianguka, mchezo umekwisha. Hakuna kurudi kwenye hifadhi ya jana: gemu hujihifadhi lenyewe unapotoka, na ukishindwa, jioni yako nzima imekwenda na maji.

Na huwezi kusingizia kwamba mambo yalikwenda kasi. Kipo kitufe cha kusimamisha saa, na saa ikiwa imesimama unaruhusiwa kujenga, kuamuru, hata kukaa ukatafakari maisha. Mchezaji hukibonyeza kwa uaminifu kila anapopanga bustani ya nyumba zake. Simu ikilia, au maziwa yakianza kufurika jikoni, anainuka na saa inaendelea kutembea.

Mgeni naye ana mikosi yake. Hununua askari wenye bunduki kwa sababu wanapendeza, asijue kwamba mlio wa risasi huwaita zombi waliokuwa wametulia zao mbali. Wapiga upinde, ambao aliwaona wa kizamani, hufanya kazi ileile kimyakimya. Akishajifunza hilo, ataona kijiji cha magofu, atatamani vilivyomo, na atagundua kwamba kila nyumba ya humo imejaa wenyeji, nao hawapendi kabisa kugongewa.

Ndiyo maana maoni ya wachezaji yanachekesha ukiyasoma kwa pamoja. Anayelichukia gemu analalamika kwamba kazi ya saa nyingi imeteketea kwa kosa dogo la mara moja. Anayelipenda anasema maneno hayohayo, akiwa ameshafungua ramani mpya.

Juni 2019 gemu likakamilika, likaja na kampeni ya misheni 48 ambayo watengenezaji waliitangaza kuwa na zaidi ya saa 60 za kucheza. Ungetegemea shangwe. Badala yake watu waliozoea kuzikwa na zombi mmoja wakanung'unika mno, na kilichowaudhi zaidi ni misheni za shujaa, ambamo mhusika mmoja hutembea kwenye korido za majengo huku mchezaji akipitisha kipanya sakafuni kutafuta vitu vidogo vya kuokota. Kuna pia misheni za kupanga askari na kusubiri wimbi lije, basi. Walikuwa na haki. Mji ukianguka kwa kichochoro ulichokiacha wazi, hasara ina mwenyewe, na mwenyewe ana hamu ya kulipiza. Kuokota vitu sakafuni hakumpi mtu adui, hata wa kujilaumu.

Kesi moja bado haijapata hakimu. Wapo wanaonakili faili ya mchezo na kuificha pembeni kabla ya wimbi kubwa, ili mji ukianguka waurudishe. Wenzao huwaita wezi. Wao huuita mtindo huo tahadhari, na wakibanwa hujitetea kwamba wanaogopa umeme kukatika, au paka kupita juu ya kibodi. Ukiwasikiliza wote, utadhani zombi hawajawahi kuangusha mji wowote, na kwamba paka wanasubiri kwa hamu siku ya wimbi la mwisho.