Mwandiko Naujua

Sisi Wasomali, mjomba na mpwa huitana jina moja: abti. Ndiyo maana huyu wangu akinijia dukani sina hata neno la kumshusha cheo. Likizo hii ametua Liboi kutoka chuoni Nairobi, vumbi la barabara ya Dadaab limemjaa hadi kwenye kope, akaniambia anapiga video ya hip-hop.

"Piga," nikamwambia. "Jua lipo, punda wapo."

"Kwanza utafiti wa hadhira, abti. Lazima tujue watazamaji wanataka nini."

Nikamuuliza kama Waayaha Cusub, kundi la hip-hop la Wasomali, walizunguka Eastleigh na fomu walipoanza mwaka 2004. Kiongozi wao, Shiine Akhyaar Ali, alipigwa risasi mwaka 2007, akapona. Hiyo naiita hadhira iliyojibu bila kuulizwa. Abti akasema ndiyo sababu heri kuuliza mapema. Kijana ana jibu la kila kitu, isipokuwa nani atalipia karatasi. Nililipa mimi.

Hojaji 20 zikasambazwa. Ungependa kuona nini kwenye video? Wazee wa chini ya mti, ambao shaah, chai ya maziwa ya ngamia, haiwatoki mkononi tangu alfajiri, walijibu: mvua. Mmoja alitaka kuona mpaka ukifunguliwa. Serikali ilitangaza Mei 2023, Julai ikaahirisha, na mzigo wake ulikuwa bado umefungwa kamba. Gari gani? Vijana waliandika V8, akina mama lori la maji, tena liwe limejaa. Kuhusu wasichana wa kucheza, muuza maziwa hakujibu. Alimkazia macho abti mpaka kijana akalifuta swali mwenyewe.

Zilirudi 14. (Nyingine nilifungia sukari, nani aliniambia nisifungie?) Lililoninyima usingizi ni swali la 7: adui kwenye video awe nani? Nilitarajia fisi, ukame, wanasiasa. Watu tisa waliandika: mwenye duka asiyekopesha.

Abti akaapa kwamba majibu ni ya siri. Siri gani? Nilitoa daftari la madeni nikaliweka kando ya zile karatasi. Wateja wangu hutia sahihi wenyewe, mwandiko naujua. Aliyeandika "mchoyo" kwa herufi kubwa ana unga wangu kilo sita tangu Ramadhani. Mwenzake aliyeongeza "sana" ana mafuta ya kupikia, na mtungi hajarudisha.

"Asilimia 64, abti," kijana akasema. "Haipingwi."

Basi nikavaa kikoi kipya, nikasimama nyuma ya kaunta nimekunja uso, kazi nisiyohitaji kufundishwa. Kumbe swali la 9 lilidai mwisho mwema: adui ajute, agawe sukari. Tukarudia mara tatu. Mara upepo, mara ngamia kakatiza mbele ya simu, mara adhana. Na kila tuliporudia, abti alileta mwigizaji mwingine, ati hadhira nzima ijione. Kila mmoja alipokea kilo yake, akatembea hadi nje ya picha kama alivyoelekezwa, kisha akaendelea kutembea.

Usiku nilifungua ukurasa mpya wa daftari. Nikaandika: Hadhira, sukari kilo 4.