Jezi mpya, mwili uleule

Kwenye kibanda cha gemu pale Korogwe, mshindani analipa kwa mechi. Aliyefungwa anaachia pedi ambayo raba ya kidole gumba imelika hadi plastiki, huku akiilaumu kwa kila penalti aliyokosa. Handeni nako ndiyo hayo hayo.

Sasa waulizwe wateja hawa: gemu jipya la soka la mwaka linunuliwe? Toleo kubwa la PlayStation 5 linatoka nje likiuzwa dola 70. Mwenye kibanda akizigeuza dola hizo kuwa shilingi, koo linamkauka.

Na jipya lenyewe ni lipi? Mwaka 2020, kampuni ya EA iliuza FIFA 21 kwa mashine ya Nintendo Switch ikiwa imebadilisha jezi na wachezaji, basi. Tovuti ya gemu ya IGN nayo ikachapisha upya uhakiki wake wa FIFA 20 ya mashine hiyohiyo, na alama zilezile: mbili kwa kumi. Kazi ya kuiga ikalipwa kwa kuigwa. Mwaka 2023 jina nalo likabadilishwa, likawa EA Sports FC.

Mshambuliaji wa Tanzania, Mbwana Samatta, aliwahi kuonekana kwenye gemu hizi akiwa Genk na Aston Villa. Simba na Yanga? Hawamo. Yaani shabiki alipie dola 70, kisha aazime timu ya Wazungu!

Mwenye kibanda abaki na toleo la zamani. Hela hiyo anunue pedi mbili mpya, visingizio vipungue.